Jipu Lenye Mapigo

Kwenye kitambulisho ana jina refu la heshima, lakini hakuna anayelitumia. Mtaa mzima unamwita Chanuo, kwa sababu mara tatu kwa siku anasimama katikati ya saluni yake, mikono kiunoni, na kuuliza ni nani kamchukulia chanuo lake. Wateja wamechoka kumjibu. Wananyoosha kidole tu, naye anapapasa kichwani mwake mwenyewe, analikuta limechomekwa pale pale alipoliacha, na anacheka mpaka anashikilia ukuta.

Saluni ni chumba kimoja. Kuna viti vitatu, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na draya mbili. Moja inakausha nywele, nyingine inapiga kelele tu. Chanuo alifundishwa kusuka na shangazi yake akiwa na miaka kumi na minne, na sasa ana arobaini na sita. Katika miaka hiyo yote ameshika vichwa vingi vya watu kuliko anavyoweza kukumbuka, na vidole vyake vimejifunza mambo ambayo hakuna aliyemfundisha. Akikupitishia mkono mara moja tu atakuambia utotoni ulianguka ukaumia wapi, na kama juzi hukulala vizuri. "Hapa pamekaza," husema, "umegombana na nani?" Na kweli, utakuwa umegombana na mtu.

Ila kinachomfanya ajulikane zaidi ni kicheko. Siku alipoolewa alicheka mpaka mfungisha ndoa akafunga kitabu chake na kusubiri. Alipojifungua mtoto wa pili alicheka katikati ya uchungu, mkunga akamwita mwenzake aje amwangalie. Si kwamba hajui uzito wa mambo. Anaujua sana. Ni kwamba mwili wake, ukizidiwa na jambo, unatafuta mlango, na mlango unaoupata kwanza ni huo.

Mtu pekee anayemshinda kwa kucheka ni wifi yake, mke wa kaka yake. Wifi ni mrefu kama mlango, anauza misumari na bawaba kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mwisho wa wiki ni mlinda goli wa timu ya netiboli ya akina mama waliovuka arobaini. Wakikutana hao wawili, watu wenye shughuli za maana huhama.

Alhamisi moja asubuhi wifi aliingia saluni, mtandio ameuvuta mpaka kwenye nyusi. Fainali ilikuwa Jumamosi, na timu nzima ilikuwa imekubaliana kusuka mistari ya aina moja ili wapinzani wakiwaona tu wachanganyikiwe.

"Kabla hujaanza, wifi," akasema huku akikaa, "upande wa kushoto nenda polepole. Nina jipu."

"Jipu panjani? Mtu mzima?"

"Ulitaka liote wapi? Nikuonyeshe?"

Wakacheka hapo kwa muda, na mteja aliyekuwa chini ya draya akacheka pia, ingawa hakusikia kilichosemwa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wiki tatu nyuma, mazoezini, mwenzake mmoja aliruka kudaka mpira na kumpiga kiwiko cha panja. Akaona nyota, akakaa chini, akawekewa barafu. Nundu ikatoka, siku tatu baadaye ikanywea, naye akasahau. Kisha, kama wiki moja baadaye, kitu kikaanza kuinuka tena pale pale, kwanza kama punje ya mahindi, halafu kama harage, na sasa kama zabibu kubwa. Mumewe alimshauri akikande kwa kitambaa cha maji moto. Jana yake alikuwa amepita zahanati ya mtaani. Foleni ilikuwa imefika barabarani, tabibu alikuwa peke yake, akalitazama kwa jicho moja na kusema jipu hilo limekomaa, njoo kesho saa tisa nikupasue.

"Kesho ndiyo leo," wifi akamalizia. "Kwa hiyo usinicheleweshe."

Chanuo akaanza na upande wa kulia. Walipiga soga, wakamsema kaka, wakamsema jirani wa kaka, na ilipofika saa tano na nusu upande wa kulia ulikuwa na mistari minane imelala sawasawa. Akahamia kushoto. Akatenga nywele za juu, akashuka taratibu kuelekea panja, na kidole chake cha shahada kikagusa lile jipu.

Likakinyanyua kidole.

Alidhani ni mapigo ya kidole chake mwenyewe, maana alikuwa amesuka kwa saa mbili na mikono ilikuwa imechoka. Akabadilisha kidole. Likakinyanyua na hicho. Akaweka upande wa nyuma wa kiganja, akausikia uvimbe ukisukuma, ukitulia, ukisukuma. Akaushika mkono wa kushoto wa wifi yake kwenye kifundo, pale wauguzi wanapohesabia. Panja na mkono vilikuwa vinakwenda pamoja, kama watu wawili wanaotembea kwa hatua moja.

"Wifi, jipu lako linadunda."

"Si linauma? Majipu yanadunda."

"Hayo yanadunda ndani kwa mwenyewe. Hili linadunda nje, mpaka mimi ninalisikia. Na halina joto. Linakuuma sana?"

Wifi akafikiri. "Kusema kweli, haliumi sana. Ila nikilalia upande huo nasikia kitu, shwaa, shwaa, kama mtu anafagia uwanja. Nilidhani ni kaka yako anavyokoroma. Nimempiga kiwiko wiki nzima, maskini wa watu."

Siku nyingine Chanuo angeanguka kwa kicheko. Lakini wakati huo alikuwa ameweka dole gumba mbele ya sikio la wifi yake, juu kidogo ya taya, ili kuivuta ngozi na kuuona uvimbe vizuri. Alipobonyeza pale, uvimbe ukanyamaza. Ukanywea kidogo, ukalala kimya chini ya kidole chake kingine. Akaachia dole gumba, ukaamka. Akabonyeza, ukalala. Akaachia, ukaamka.

Wifi alikuwa akimtazama kwenye kioo. "Wewe, mbona hucheki?"

Chanuo akabonyeza tena, akaachia.

"Wifi! Mbona hucheki? Unanitisha."

"Majipu nimeyaona miaka thelathini," Chanuo akasema polepole. "Yana joto, yana kichwa, yakiguswa mtu anaruka. Hili lako nikibonyeza hapa linazimika, nikiachia linawaka. Jipu gani lina swichi?"

Wakatazamana kwenye kioo. Halafu wifi akasema kwa sauti ndogo, "Saa tisa alikuwa anataka kulipasua."

"Ndiyo hivyo."

"Kwa kisu."

"Simama tuondoke."

"Na kichwa hiki? Nusu?"

"Nusu hiyo hiyo!"

Mteja wa chini ya draya akaambiwa alinde saluni, akakubali bila kujua analinda dhidi ya nini. Hospitali kubwa ilikuwa mwendo wa dakika kumi, na Chanuo aliweka masharti: hakuna kukimbia, hakuna kuinama, na yeye mwenyewe atashikilia swichi njia nzima. Basi wakatoka, mmoja mrefu mwenye mistari upande mmoja na kichaka upande wa pili, mwingine mfupi anatembea kwa ncha za vidole, mkono juu, dole gumba limegandishwa mbele ya sikio la mwenzake. Walipita kwa fundi viatu, wakasalimia. Walipita kituo cha mafuta, wakasalimia.

"Watu wanatutazama," wifi akanong'ona.

"Waache. Usicheke."

"Sijacheka."

"Nakusikia hapa kwenye dole. Unataka kucheka."

Hilo ndilo lililowaharibia. Kicheko kilimtoka wifi puani, Chanuo akamkanya, na kumkanya kukamfanya acheke yeye. Wakasimama kwenye kona wakiwa wameshikana, machozi yanatiririka, huku mmoja akilia, "Utanipasua!" na mwingine akijibu, "Nyamaza basi!" Dakika kumi zikawa ishirini na tano.

Mapokezi, karani aliuliza tatizo ni nini. "Jipu lenye swichi," Chanuo akasema. Karani akaandika "uvimbe panjani", akawaonyesha benchi.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye miwani, na alisikiliza hadithi ya swichi kwa tabasamu la adabu. Kisha akaweka vidole. Tabasamu likaondoka polepole. Akachukua kifaa chake cha masikioni, akakiweka juu ya uvimbe, akafumba macho. Akauliza kama aliwahi kuumia pale, na lini. Halafu, bila kuambiwa, akabonyeza mbele ya sikio, pale pale.

"Nani aligundua hili?"

"Mimi," Chanuo akasema.

"Wewe ni muuguzi, mama?"

"Mimi ni msusi."

Daktari akamtazama, akavua kile kifaa na kumpa asikilize. Chanuo akausikia ufagio wenyewe, shwaa, shwaa. Akampa wifi naye ajisikilize, na wifi akasema, "Kaka yako nitamwomba radhi."

Wakapelekwa chumba cha altrasaundi, chenye pazia zito na kompyuta moja inayong'aa. Mpiga picha, mama mtaratibu aliyevaa sweta, akampaka wifi mafuta ya baridi panjani na kupitisha kifaa juu yake. Kwenye skrini kukatokea duara, na ndani ya duara rangi mbili, nyekundu na bluu, zinafukuzana: nyekundu nusu hii, bluu nusu ile, zinazunguka, kila pigo la moyo zinaanza upya. Kulikuwa na kijia kidogo kimetoka kwenye mshipa na kuingia humo. Ilikuwa picha nzuri, tena nzuri mno kwa kitu kibaya.

Kisha wifi akauliza, "Ni mvulana au msichana?"

Mpiga picha alicheka mpaka picha ikaruka, akalazimika kuanza upya.

Daktari bingwa wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira vya kijani, na alieleza mambo kwa mikono. "Mbele ya sikio kuna mshipa wa damu unaopanda kwenda kichwani. Kiwiko kiliubana kwenye mfupa, ukapata jeraha ubavuni. Damu ikavuja, na kwa kuwa haikupata pa kwenda, ikajichimbia kijumba pale pale. Sasa kila moyo ukipiga, damu inaingia kwenye kijumba na kutoka. Ndiyo maana kinadunda, na ndiyo maana kinakua. Sisi tunakiita uvimbe bandia wa mshipa."

"Bandia kama nywele?" Chanuo akauliza.

Daktari bingwa akasita. "Eeh, kwa namna fulani. Ule wa kweli ni mshipa wenyewe umevimba, ukuta wake wote. Huu ukuta wake si wa mshipa. Ni damu iliyoganda na nyama za jirani."

"Basi nimeelewa. Umeunganishiwa."

"Umeunganishiwa," daktari akakubali, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Akaendelea kueleza kwamba uvimbe wa aina hii mara nyingi watu huudhani jipu au kifundo cha mafuta, kwa kuwa hautokei siku ya kuumia bali wiki kadhaa baadaye, mtu ameshasahau. Kuna unaotibika kwa kubonyezwa, na kuna unaozibwa kwa sindano. Lakini huu uko juu juu, chini ya ngozi tu, na njia ya uhakika ni kuufunga mshipa kwa uzi chini yake na juu yake, kisha kukitoa kijumba chote. Kichwa hakitadhurika, maana kina mishipa mingi inayosaidiana. Sindano ya ganzi inatosha. Kesho asubuhi.

"Na Jumamosi nacheza?"

"Jumamosi unakaa."

"Dokta, ni fainali."

"Mama, mpira ukikupiga hapo leo, utalowa damu mpaka viatu. Na huyo wa zahanati angepasua angedhani amefungua bomba." Akasema hivyo bila ukali. Kwa mara ya kwanza siku hiyo macho ya wifi yakajaa maji yasiyo ya kicheko, na Chanuo akamshika bega.

Hapo ndipo sista wa wadi alipoingia na mashine ya kunyolea. Alisema kwa desturi yao watanyoa kuanzia hapa mpaka hapa, na akaweka kiganja chake chote upande wa kushoto wa kichwa cha wifi.

"Kiganja kizima?" Chanuo akasimama. "Mkato wenyewe una urefu gani?"

"Sentimita tatu hivi," akasema daktari bingwa.

"Sentimita tatu, mnanyoa shamba?"

"Nywele zikiingia kwenye kidonda ni tatizo, mama."

"Hazitaingia. Nichoree mstari unaotaka kukata. Nipe dakika kumi."

Daktari bingwa akamtazama sista, sista akaitazama dari. Kisha daktari akatoa kalamu, akachora mstari mdogo juu ya uvimbe. Chanuo akanawa mikono mara mbili kama alivyoagizwa, na akaanza. Hakuugusa uvimbe hata kidogo. Alitenga njia kando ya ule mstari, nyembamba na nyeupe, akazikaza nywele za juu kwenda juu na za chini kwenda chini, mistari midogo inayobana, hakuna hata unywele mmoja uliobaki njiani. Alimaliza kwa dakika tisa, na dakika ya kumi aliitumia kurudi nyuma na kujisifu kimoyomoyo.

Daktari bingwa akapitisha kidole. "Sista, zima mashine," akasema.

Kesho yake kaka alifika mapema, jasho linamtoka. Yeye ni fundi majokofu, na maelezo yote ya usiku uliopita hayakumwingia mpaka dada yake alipotaja neno kuvuja.

"Bomba limetoboka," akasema. "Gesi inatoka pembeni, inajaa pasipotakiwa."

"Hasa."

"Wanaziba huku na huku, wanakata kipande kibovu."

"Hasa!"

"Sasa mbona hamkusema tangu jana?" Na akatulia kama mtu aliyefikiwa na kazi anayoijua.

Walikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Mlango ulikuwa wa bawaba za kusukuma, na haukuziba sauti. Mwanzoni walimsikia wifi akiongea mfululizo. Kisha sauti ya daktari bingwa: "Mama, ukicheka uso unaruka, na mimi nafuata uso." Kisha wifi: "Dokta, ungeniacha bila kuniambia nisicheke ningenyamaza mwenyewe." Kisha kicheko, na si cha mtu mmoja.

Halafu kukawa kimya.

Kimya kikaendelea. Kaka akaacha kutikisa mguu. Chanuo akaukodolea macho mlango, na hapo ndipo mwili wake ulipotafuta mlango wa kutokea na kuukosa. Hakukuwa na kicheko, kulikuwa na kijasho chembamba mgongoni tu, na viganja vyake vimeshikana kwa nguvu. Alifikiria kwamba yeye ndiye aliyemleta hapa. Alifikiria kaka yake atabaki na nani wa kumpiga kiwiko. Akainamisha kichwa kusikiliza.

Ikaja sauti nzito, ya polepole, inapanda na kushuka.

Kaka akainuka nusu. "Huyo anakoroma," akasema. "Huyo huyo! Wiki nzima napigwa mimi!"

Chanuo alicheka mpaka akateleza kwenye benchi. Muuguzi akachungulia kuwanyamazisha, akacheka naye, akarudi ndani.

Dakika arobaini na tano baada ya kuanza, wifi alitolewa akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, bandeji ndogo panjani, macho ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Daktari bingwa akawaonyesha kile kijumba ndani ya chupa, kimefifia, hakina tena fujo. Alisema kitapelekwa maabara kuhakikisha, na baada ya siku kumi majibu yalirudi yakisema hivyo hivyo alivyosema yeye: ukuta wa uongo, hakuna baya jingine.

Jumamosi wifi alikaa kwenye benchi la timu, nusu kichwa kimesukwa mistari minane mikubwa, nusu nyingine mistari midogo ya hospitali na bandeji katikati. Wapinzani walichanganyikiwa kweli. Timu yake ilifungwa hata hivyo, kwa mabao kumi na moja, na mwamuzi alimwonya mara mbili kwa kupiga kelele akiwa si mchezaji. Yule mwenzake wa kiwiko alikuja kumwomba msamaha akilia. Wifi akamkumbatia na kumwambia kiwiko hicho akitumie vizuri, bado wana adui wengi.

Siku ya saba nyuzi zilitolewa. Kovu lilikuwa jembamba, limefichwa na nywele, na wifi alipolala upande wa kushoto hakusikia tena mtu akifagia. Chanuo alimaliza kichwa chake mchana ule ule, na kila akifika panjani alisimama, akaweka kidole, akasubiri. Kulikuwa kumetulia.

Wiki mbili baadaye simu ililia saluni. Alikuwa yule sista wa wadi. Akasema kuna mgonjwa wa kupasuliwa kichwa, mama mtu mzima mwenye nywele ndefu za mvi, amekataa katakata kunyolewa, na daktari bingwa anauliza kama yule msusi anaweza kupita Jumanne asubuhi.

"Mimi?" Chanuo akasema. "Hospitali? Kufanya kazi?"

"Ulete vifaa vyako vipya, tutavisafisha huku."

Jumanne alifika nusu saa kabla ya wakati, amevaa gauni la kutokea. Sista akamvalisha juu yake joho la karatasi lililomfika vifundoni, na kofia iliyomfanya afanane na keki. Alijiona kwenye kioo cha mlango, akakivuta kicheko ndani, kikatoka kidogo kwa pembeni. Mgonjwa alikuwa amekaa kitandani, mgongo umenyooka, nywele za mvi zimemshukia mabegani.

"Wewe ndiye unayenyoa?" mama akauliza kwa ukali.

"Sinyoi, mama. Nasuka. Wamekuchorea wapi?"

Mama akageuza kichwa taratibu na kumwonyesha. Chanuo akavuta kiti, akanawa mikono mara mbili, akaziinua zile nywele. Zilikuwa laini ajabu. Akauliza mama huyu alikuwa akizipaka nini miaka yote hii, na mama, bado amenuna, akaanza kumweleza.